Karibu na mlima, hubadilika uzito au tungamo?

SWALI: Katika makala ya sayansi niliandika, "Uzito wa mtu hubadilika akiwa karibu na mlima mkubwa." Mhariri akafuta "uzito" akaweka "tungamo", akisema ndiyo istilahi ya kisayansi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe. Tungamo ni istilahi nzuri, lakini hapo imeifanya sentensi iseme uongo. Neno limetokana na kitenzi kutungama, kama damu inavyotungama, na maana yake ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 akifika mwezini atabaki na kilo zake zile zile. Uzito ni nguvu inayomvuta chini, nayo hupimwa kwa nyutoni: hapa duniani ni kama 588, mwezini hazifiki 100.

Hata hivyo, "hubadilika" peke yake humfanya msomaji adhani mizani itaonyesha tofauti. Mlima ulio kando yako hukuvuta ubavuni, kwa hiyo unachogeuza zaidi ni mwelekeo wa uzito. Jambo hilo lilipimwa mwaka 1774 na Nevil Maskelyne, mwanaastronomia wa Mfalme wa Uingereza, kwenye mlima Schiehallion huko Scotland. Alitundika timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, upande wa kaskazini na upande wa kusini, akalinganisha na nyota, akakuta uzi umeinama kuelekea mlimani kila upande. Mwinamo wenyewe haukufika hata sehemu moja ya mia tano ya digrii. Mlima mzima, na mvuto wake ni huo tu!

Juu ya kilele mambo ni mengine. Ukisimama Uhuru, Kilimanjaro, uzito wako hupungua kwa takriban sehemu moja katika elfu, maana uko mbali zaidi na kitovu cha dunia. Mlima ulio chini ya miguu yako nao unakuvuta, ila haufidii pengo lote.

Basi andika: "Mlima mkubwa hugeuza kidogo mno mwelekeo wa uzito wa mtu aliye kando yake, tungamo lake halibadiliki." Na anayesema sokoni "uzito wake kilo 60" mwache. Hicho ni Kiswahili sanifu cha kila siku, na hakuna anayemwelewa vibaya.