Kwa Anayeanza Kupima Uchovu wa Feleji kwa Nyutroni

Jambo la kwanza ambalo mwanagenzi anapaswa kulishika ni kwamba difraksheni ya nyutroni, yaani kuutazama mwali wa nyutroni unavyotawanywa na safu za atomi, haipimi kipande cha feleji kimerefuka kiasi gani, bali hupima umbali kati ya safu za atomi ndani ya fuwele zake. Umbali huo hufuata unyumbufu tu, yaani ile sehemu ya mrefuko inayorudi mzigo unapoondolewa. Sehemu ya kudumu, ambayo hutokana na safu za atomi kuteleza moja juu ya nyingine, hukitanua kilele cha difraksheni, yaani ule mwinuko kwenye grafu ya nyutroni zilizotawanywa, lakini yenyewe haikisogezi. Kwa hiyo ekstensomita, kifaa cha kupima mrefuko, iliyofungwa kwenye kipande na kilele unachokiona kwenye kompyuta vitakupa namba mbili tofauti, nazo zote ni sahihi.

Tunatumia nyutroni kwa sababu hupenya sentimita kadhaa za feleji, ilhali eksirei za maabara ya kawaida huishia mikromita chache tu chini ya uso, pale ambapo hata mashine iliyochonga kipande imeacha mikazo yake. Hata hivyo, kila kilele huzungumzia kundi moja tu la chembe, yaani fuwele ndogo ndogo zinazoijenga feleji, zile ambazo safu zake za atomi zimeelekea upande mmoja. Katika feraiti, umbo la fuwele la chuma lililo katika feleji nyingi, kundi la 200 (namba hizi hutaja safu za atomi zinazopimwa) ni nyumbufu zaidi, na moduli yake, yaani kipimo cha ukinzani wake dhidi ya kunyumbuka, hukaribia gigapaskali 175, wakati ya kundi la 110 hukaribia 225. Anayechukua kilele kimoja na kukiita mkazo wa feleji nzima anajidanganya.

Utajiri wa kazi hii uko katika mizigo ya kurudiarudia, ile inayoichosha feleji. Ukivuta kipande hadi kipite kikomo chake cha unyumbufu, makundi yaliyoanza kuteleza mapema hushindwa kubeba nyongeza ya mzigo, na makundi mengine huibeba kwa niaba yao. Ukiondoa mzigo, vilele havirudi vilipoanzia: baadhi ya chembe hubaki zimevutwa na nyingine zimebanwa, ingawa mizani ya mashine inasoma sifuri. Mikazo hiyo iliyobaki huchangia feleji kuteleza mapema zaidi unapoigeuza na kuibana, tabia inayojulikana kama athari ya Bauschinger. Kwa kawaida mabadiliko makubwa hutokea katika mizunguko ya mwanzo, kwa hiyo usigawe muda wako sawasawa. Pima mzunguko wa kwanza kwa nukta nyingi, kisha wa 2, wa 5, wa 10, wa 30, wa 100, na kuendelea kwa hatua zinazozidi kupanuka.

Kila nukta huhitaji dakika kadhaa za kuhesabu nyutroni, na hapo pana mtego. Ukiushikilia mzigo karibu na kilele cha mzunguko, kipande huendelea kurefuka polepole. Ukiushikilia urefu, mkazo hulegea. Mimi hupendelea kushikilia urefu, kusubiri mkazo utulie, kisha kutumia wastani wa mkazo wa muda ule ule wa kuhesabu. Mahali ambapo kila nyutroni hurekodiwa pamoja na wakati wake, unaweza kuzungusha mzigo bila kusimama na kuzipanga data baadaye kwa awamu ya mzunguko, mradi saa ya mashine ya mzigo na saa ya vitambuzi zikubaliane.

Joto nalo lina hila zake. Feleji ya feraiti hutanuka takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Nyuzi 5 tu hutoa sehemu 60, kiasi kinacholingana na kosa la kawaida la kipimo chenyewe. Mizunguko ya haraka hukipasha kipande joto, basi bandika thermokapo, kipimajoto cha waya, juu yake na usubiri kipoe kabla ya kuhesabu. Kaza pia nati za kufungia ncha zote mbili, kwa sababu uzi wa nati uliolegea hucheza kila mzigo unapopita sifuri na kukisogeza kipande nje ya ule ujazo mdogo unaopimwa, ambao mara nyingi hauzidi milimita 4 kila upande.

Mwisho, andaa kipande pacha kilichopitia mizunguko ile ile nje ya mwali wa nyutroni. Manganizi ya feleji iliyoamshwa na nyutroni, yaani iliyofanywa itoe mionzi, hupungua nusu kwa saa 2.6 hivi, lakini kobalti huchukua zaidi ya miaka 5, na wasimamizi wa mionzi wanaweza kukizuia kipande chako kutoka wakati ambapo wewe tayari unakihitaji chini ya hadubini.