Jua ndani ya ndoo: nilichojifunza Chennai nikiuguza

Mwaka 2019 nilimpeleka mama India kupasuliwa moyo. Wengi wa kwetu wanaijua safari hiyo: viza ya matibabu, faili la vipimo kwapani, chumba cha kupanga karibu na hospitali, na siku zinazohesabiwa kwa simu za daktari. Tulikaa Chennai wiki 11. Nikiulizwa ni nini kilinivusha, husema sala, na ni kweli. Lakini kuna jambo jingine nililolipata juu ya paa la zege la nyumba tuliyopanga, na kwa kuwa najua wapo wanaouguza hivi sasa, naliandika kwa ajili yao.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Wapangaji wote tulimwita Amma, yaani mama kwa Kitamil. Mama yangu, ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza, alimwita shoga, na wale wawili walielewana kwa macho na mikono kuliko mimi na Kiingereza changu chote.

Asubuhi moja upasuaji uliahirishwa kwa mara ya pili, maana mama alikuwa na homa. Nilipanda juu na nguo na ndoo tatu, nikawa nafua kana kwamba nguo ndizo zilizoleta homa. Amma alikuwa akimwagilia mrihani wake, ule wanaouita tulasi, ambao kwao ni mmea mtakatifu. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniambia nitazame ndoo zangu.

Ya kwanza ilikuwa na maji ya sabuni yaliyokwisha kuwa meusi, na ndani yake hapakuonekana kitu. Ya pili ndiyo niliyokuwa nikisuuzia. Maji yalikuwa yakitikisika na jua limekatikakatika humo, vipande vinarukaruka. Ya tatu ilikuwa ya maji safi yaliyotulia, na jua zima limekaa ndani, la mviringo, linachoma macho.

"Jua limechafuka?" akauliza. Nikasema hapana. "Limevunjika?" Hapana. Akainyooshea kidole ndoo ya tatu. "Na hili, ndilo jua?"

Hapo nilikawia kujibu. Kila ninachotaka kusema leo kimo katika kule kukawia.

Mfano wenyewe si wa Amma. Watu wa Adwaita wanautumia tangu zamani sana. Adwaita maana yake "si viwili". Ni njia mojawapo ya fikra ndani ya Uhindu, na aliyeipa umbo linalojulikana zaidi ni Shankara, mzaliwa wa Kaladi huko Kerala, ambaye wanahistoria wengi humweka karne ya 8. Anafundisha kwamba kweli ni moja tu, Brahmani, isiyo na sifa wala mabadiliko, na kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu, atmani, si kitu cha pili mbali na hiyo. Vyote vinavyobadilika, pamoja na akili na moyo, vimo upande wa maumbile, na maumbile yamesukwa kwa guna tatu. Kwa Kisanskriti guna ni sifa, lakini pia ni uzi, kama zile nyuzi zinazosokotwa pamoja zikawa kamba. Kwetu kuguna ni sauti ya moyo usioridhika, na ndiyo maana neno lile lilinikaa kichwani siku ile ile.

Tamasi ni uzito na kiza: kulala usipumzike, kujua la kufanya na usilifanye. Rajasi ni hekaheka, tamaa na hofu, mikono isiyotulia. Satwa ni wepesi na mwanga, ile saa unapoona mambo yalivyo na kifua kimefunguka. Zote tatu zimo ndani ya kila mtu, na kila moja hupanda wakati nyingine zikishuka. Kwa hiyo zile ndoo zilikuwa mimi: asubuhi nyeusi, mchana ya kutikisika, na mara mojamoja, baada ya alfajiri, safi.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, nao ni wa lugha. Sikiliza Kiswahili chako mwenyewe. Tunasema hasira zimenipanda, usingizi umenichukua, hofu imeniingia, uvivu umenishika, furaha imenijaa. Hali ndiyo inayokuja, inapanda, inaingia, inashika, na kuna mtu anayeingiwa na kushikwa. Wahenga waliotuachia maneno haya hawakuwa wanafunzi wa Shankara, lakini sentensi zao zinaweka nafasi kati ya mtu na hali yake. Tunaipoteza pale tunapoanza kusema mimi ni mvivu, mimi ni mtu wa hasira, mimi ni mwoga. Kule Chennai nilijizoeza kurudi kwenye usemi wa kwanza. Nilipokuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, nilisema polepole: hofu imeingia. Haikutoka. Ila nilipoitaja hivyo, nilijikuta nimesimama upande wa yule anayeiona ikiingia, na kutoka pale niliweza kumuuliza nesi swali la maana badala ya kumfokea.

Yule anayeona, watu wa Adwaita humwita shahidi. Wanaeleza hivi: jicho huona vitu, akili huona kwamba jicho leo lina ukungu, na shahidi huona kwamba akili imechoka. Yeye haonwi na mwingine nyuma yake. Kinachoonwa hubadilika, anayeona habadiliki.

La pili nimelipata kwa kukosea. Ukiwa kwenye uzito, usijaribu kurukia utulivu. Mimi nilijaribu. Siku za tamasi nilikuwa nafumba macho kitandani nikisubiri amani, na kilichokuja ni usingizi. Amma alinikataza kwa ukali wa mwalimu. Uzito, alisema, hutolewa na mwendo: inuka, fua, kata vitunguu, panda ngazi. Mwendo ukishakolea, ndipo utafute utulivu. Tangu hapo mama akilala mchana nilikuwa nashuka sokoni kwa miguu kununua ndizi na maziwa ya mtindi, hata kama ndizi zilikuwepo. Nikirudi nimetoka jasho, nusu saa ya kukaa kimya ilikuwa na faida kuliko siku nzima ya kujilaza. Hekaheka nayo ina dawa yake, ambayo ni kupunguza. Nilizima simu baada ya swala ya Isha, kwa sababu kundi la familia lilikuwa linadai habari kila saa na kila jibu lilizaa maswali sita.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kwenye ndoo ya tatu.

Wiki ya tano upasuaji ulifanyika, ukafaulu. Nikaingia kwenye utulivu ambao sikuwahi kuujua. Nilikuwa naamka kabla ya adhana, moyo mweupe, kila kitu kinanipendeza, hata honi za barabarani. Nikaamini nimefika. Nikawa nawatazama wauguzaji wenzangu waliokuwa wakilia kwenye korido kama watu ambao hawajajua ninachokijua. Siku tisa baadaye kidonda cha mama kiliingia usaha, na utulivu wote ukatoweka kwa simu moja. Nilivunjika vibaya kuliko mwanzo, maana safari hii nilihisi nimenyang'anywa kitu changu.

Amma hakunipa pole ndefu. Alinisimulia kisa alichokuwa akikisimulia Ramakrishna, yule mtawa wa Bengali aliyeishi Dakshineswar na kufariki mwaka 1886. Mtu alivamiwa porini na wanyang'anyi watatu. Wa kwanza akataka auawe. Wa pili akasema inatosha kumfunga, wakamfunga na kumwacha. Baadaye wa tatu akarudi, akamfungua, akamwomba radhi, akamsindikiza hadi barabara ya kwenda kwao. Yule mtu akamkaribisha nyumbani kwa shukrani. Yule wa tatu akajibu: siwezi kufika huko, maana nami ni mnyang'anyi. Wa kwanza ni tamasi, wa pili rajasi, wa tatu satwa.

Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, katika sura ya 14, inasema jambo hilo hilo bila kisa: satwa nayo hufunga, na hufunga kwa raha na kwa ujuzi. Ni kamba laini, lakini ni kamba. Na mtu aliyezivuka guna tatu, kwa sura hiyo, si yule aliyetulia daima. Ni yule ambaye mwanga, hekaheka na kiza vikija havichukii, na vikiondoka havitamani.

Nilisoma beti hizo mara nyingi usiku ule. Nilikuwa nimedhani lengo ni maji safi. Maji safi ni mazuri, tena tuyatafute: chakula chepesi, usingizi wa kutosha, maneno machache. Humo ndimo jua huonekana vizuri. Lakini ukilipenda jua la ndani ya ndoo, siku ndoo ikimwagika utalia kwamba jua limekufa.

Mama alipopata nafuu, Amma alinisisitiza niende Tiruvannamalai, karibu kilomita 200 kutoka Chennai, akabaki naye yeye. Huko ndiko Ramana Maharshi, mtawa na mwalimu wa njia hii, alikofika mwaka 1896, kijana wa miaka 16, baada ya siku aliyoshikwa na hofu ya ghafla ya kifo huko Madurai akajilaza chini kuichunguza: mwili huu ukifa, ni nani anayekufa? Aliishi kwenye mlima wa Arunachala na chini yake hadi mwisho wa maisha yake. Nilipanda hadi pango la Virupaksha, alimokaa takriban miaka 17. Ni chumba kidogo cha mwamba, cha joto, na nje yake nyani wanagombania ganda la embe. Swali alilowapa watu ni fupi: wazo hili limemjia nani? Limenijia mimi. Na huyo mimi ni nani? Hutakiwi kulijibu kwa maneno. Unaligeukia lile "mimi" lenyewe.

Na hili wasilisahau wanaopenda kusema mgonjwa mwenye imani hahitaji dawa: Ramana alipotokwa na uvimbe wa saratani mkononi, madaktari walimpasua mara 4. Alifariki tarehe 14 Aprili 1950. Kama uzito wako umekaa miezi, huli, hulali, unawaza kujidhuru, usiuite tamasi ukanyamaza. Nenda hospitali. Shahidi hakukatazi kumeza kidonge.

Wala usiitumie elimu hii kukwepa lawama. Nimewasikia watu wakisema "ni guna tu zinatenda" baada ya kumtukana mke. Ukishamtukana umemtukana, kamwombe radhi.

Nalazimika pia kusema mimi nimesimama wapi. Mimi ni Mwislamu, na nilirudi Tanga Mwislamu. Kauli kwamba nafsi ya mtu na Kweli ya mwisho ni kitu kimoja siwezi kuichukua, na sitailainisha ili ifanane na ya kwetu, kwa sababu kufanya hivyo ni kumkosea heshima Amma. Hata Wahindu wenyewe hawakukubaliana. Ramanuja, aliyekuja baada ya Shankara, alipinga kwa nguvu kwamba Mungu hana sifa, akasema ana sifa njema zisizo na mwisho. Nilichochukua mimi ni lile swali la ndoo ya tatu, na mazoea ya kutomkabidhi mgeni, yaani hali inayokuja na kuondoka, funguo za nyumba.

Kuna methali yetu: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Nilimtafsiria Amma akacheka kwa furaha, kwa sababu mfano maarufu wa Shankara ni kamba inayodhaniwa nyoka gizani. Methali yetu inamhurumia anayeshtuka. Shankara anataka taa iletwe. Mwenye kuuguza anahitaji vyote viwili, na kwa mpangilio huo: kwanza ahurumiwe, halafu taa.

Neno la mwisho nililipata kwa mama, ambaye hakusoma chochote katika haya. Siku ya pili baada ya upasuaji, sauti bado imekauka kwa ule mpira wa kooni, nilimuuliza nusu kaputi ilikuwaje. Baadaye nilisoma kwamba Mandukya, Upanishadi (moja ya maandiko ya kale ya Kihindu) fupi ya beti 12, inahesabu kukesha, kuota na usingizi mzito, kisha inataja cha nne ambacho si hali kama hizo tatu. Mimi sikuwa najua hilo bado. Mama alifikiri, akalamba midomo, akasema:

"Sikuwa na ndoto, sikuwa na maumivu, sikuwa na wewe. Nimeamka nikajikuta mimi yule yule. Hebu nipe maji."