Maswali ya wasomaji: "Kwa nini wasifunge mpaka miezi ya mavuno yetu tu?"

*Anayejibu ni wakala wa forodha mstaafu, aliyefanya kazi mpakani Namanga.*

SWALI: Hujambo mzee. Mimi ni mkulima wa vitunguu huku Kieni, Nyeri. Kila nikikaribia kuvuna, malori ya Tanzania yanajaa Nairobi na bei inaanguka. Broka ananipigia simu, "Soko limejaa vya Tanzania," kisha anataja bei ya kunidhalilisha. Hii biashara huria ya Afrika Mashariki inanifaidi nini? Kwa nini serikali isifunge mpaka miezi ya mavuno yetu tu?

JIBU: Sijambo, mkulima mwenzangu (nina robo eka ya mahindi, usinicheke). Nianze na hilo la kufunga, kwa sababu mpaka uliofungwa naujua. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, ukaja kufunguliwa tena 1983. Unadhani bidhaa zilikoma kuvuka? Zilihama barabarani zikapita njia za panya. Sabuni ya Kenya tuliinunua kwa kificho na kwa bei ya kuruka, na aliyetajirika ni mjuzi wa vichochoro. Mkulima, wa huku na wa huko, sikumwona akijenga nyumba kwa sababu ya mpaka kufungwa.

Na ungefunga mwezi gani? Kieni, Kirinyaga na Loitokitok hamvuni siku moja. Kila mmoja akipewa mwezi wake, mwaka umekwisha.

Lakini malalamiko yako yana haki, tena kuliko unavyojua. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya sasa (makubaliano ya kuondoleana ushuru) ulipoanza Januari 2005, bidhaa kadhaa za viwanda vya Kenya ziliendelea kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda. Ushuru huo ulipungua mwaka hadi mwaka mpaka ukaisha 2010. Sababu yake ni kwamba wenye viwanda huku kwetu Tanzania, na wenzao wa Uganda, waliogopa kumezwa, wakapiga kelele, wakasikilizwa. Walipewa miaka 5 ya kujipanga. Kitunguu cha Tanzania kuingia kwenu hakikuwekewa ngazi kama hizo, mlango ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Wewe nani alikuuliza? Mwenye kiwanda ana chama na wakili, mwenye shamba ana broka.

Faida ipo, ila usiitafute shambani kwako. Iko kwa mama wa kibanda Nairobi anayenunua kitunguu mwaka mzima bila bei kupanda hadi mbinguni, na kwa kila anayekaanga sukuma jioni. Kila mmoja anaokoa shilingi mbili tatu ambazo hata hazihesabu. Hasara yenyewe inawaangukia wachache kama wewe, na ninyi mnaihesabu hadi senti ya mwisho. Ndiyo maana mwanasiasa akisimama kusifu soko huria hapigiwi makofi, na akisema "tulinde wakulima wetu" uwanja unalipuka.

Sasa twende Mang'ola, Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, maana vingi vinavyokukera vinatoka huko. Mnunuzi wa Kenya anafika mpaka shambani, lakini bei anaongea na dalali. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu halishonwi hapo: linavalishwa wavu juu, vitunguu vinaongezwa, vinasukumwa kwa magoti, ndipo linashonwa. Ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo ya Tanzania inakataa gunia la mazao kuzidi kilo 100, nayo lumbesa inapita tu barabarani kama bibi harusi. Mkulima analipwa gunia moja, na kilemba chote cha juu ni sadaka. Likifika sokoni linafunguliwa na kuuzwa kwa kilo, kila kilo na bei yake. Kwa hiyo usimwonee wivu ndugu yako wa Mang'ola. Ushuru ulipoondolewa, nafasi iliyobaki aliikalia mwenye lori na mwenye simu ya bei. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la biashara hii, kuliko ushuru wenyewe.

Na uhuru huu hata sio wa kutegemea. Mwaka 2017 Tanzania ilichoma vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Malori yakapanga foleni, madereva wakapika ugali chini ya matela. Wiki haikuisha, mahindi yakaruhusiwa tena kwa masharti ya kusajiliwa na kupimwa. Sumukuvu inaua, sibishani na kipimo. Ila ushuru wa asilimia 10 mfanyabiashara anaupigia hesabu akalala. Barua ya Ijumaa ya kusimamisha mzigo, hakuna awezaye kuipigia hesabu.

Wewe dai kitu kingine. Wanunuzi wa Nairobi hupenda cha Tanzania kwa kuwa kimekauka, shingo imefunga, hakiozi njiani. Chako kinang'olewa kibichi kwa sababu ada ya shule haisubiri. Ibaneni kaunti iwajengee mabanda ya kukaushia, yenye hewa, muweze kusema "leo siuzi". Broka atapiga simu tena.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa Longido, navusha magunia machache ya maharage kwenda Kenya. Kuna kijana mpakani hunitoza kunijazia karatasi, anasema bila wakala sipiti. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mama. Anakudanganya, na mimi niliyekula mkate wa uwakala ndiye ninayekwambia. Mzigo wa bidhaa za Jumuiya usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, una cheti chake cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi ya kuonyesha mzigo umetoka nchi ya Jumuiya. Kinatolewa hapohapo na maofisa wa forodha, na hulazimiki kuwa na wakala. Ingia dirishani, omba uone orodha.

Usichanganye hilo na cheti cha afya ya mimea. Ushuru ni sifuri, lakini maharage bado yanakaguliwa, na cheti hicho ukitafute kabla hujapakia. Wengi wanakwama hapo, halafu wanalaumu forodha.

Na mwenye lori akikuomba umpitishie magunia yake kwa jina lako "kwa sababu wewe ni mdogo", kataa. Yakishikwa, ni yako.