Ukate kalori ngapi ili upungue?

Nimeambiwa nile kalori 1,200 kwa siku. Zinanitosha?

Namba hiyo imezagaa kila mahali, nayo haijui una kilo ngapi. Kwanza tafuta mwili wako unatumia kiasi gani. Kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990 inafaa: kilo zako mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Hayo ni matumizi ya mwili uliopumzika tu. Zidisha kwa 1.2 kama unashinda umekaa, kwa 1.375 kama unafanya mazoezi mepesi siku chache kwa wiki, au kwa 1.55 kama ni ya wastani, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Ukisitasita kati ya viwango viwili, chukua cha chini. Wengi hujipendelea hapa.

Mwanamke wa kilo 80, sentimita 160 na miaka 35 anapata 1,464. Kwa 1.375 inakuwa kama 2,010.

Kati ya 250, 500 na 1,000, nikate ngapi?

Usichague namba, chagua asilimia: 15 hadi 20 ya matumizi yako. Yule mwanamke akikata 20, anapunguza kalori 400 na kula kama 1,600. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700, hivyo kwa wiki anapoteza gramu 350 hivi. Ni kidogo, ndiyo. Lakini akikata 1,000 anabaki na 1,010, kiasi ambacho ni vigumu kukipangia protini, chuma na vitamini za kutosha, na njaa ya siku tano humalizwa kwa mlo mmoja wa Jumamosi.

Mwenye kilo 130 anaweza kukata 700 bila taabu kubwa, maana matumizi yake ni makubwa na akiba anayo. Aliyebakiza kilo 4 tu asizidi 300. Kula chini ya 800 ni tiba ya kusimamiwa na daktari. Kupungua kwa kasi huongeza hatari ya vijiwe kwenye kifuko cha nyongo.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo 2, ya pili gramu 300. Nimeharibu wapi?

Hujaharibu popote. Ukila kidogo mwili hutumia wanga wake wa akiba, glaikojeni, na kila gramu yake huondoka na takriban gramu 3 za maji. Zile kilo 2 zilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Gramu 300 ndiyo kasi yako halisi.

Wiki tatu mizani haisogei, na nakula 1,600 zilezile.

Jipime kila asubuhi baada ya kwenda haja, kisha linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki. Chumvi nyingi, mazoezi mapya na siku za kabla ya hedhi hubakiza maji. Mwanamke alinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Kama kweli umekwama, pima kwanza mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa hauhesabu vijiko. Vipimo vikiwa sawa, punguza 100 hadi 150, au ongeza kutembea. Na kila ukipungua kilo 5 rudia hesabu: mwili mdogo hutumia kidogo.

Misuli je?

Protini gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wako (mwenye uzito mkubwa sana atumie uzito anaoulenga), na mazoezi ya kunyanyua uzito angalau mara 2 kwa wiki.

Nina kisukari, natumia insulini. Nianze leo?

Usianze kabla ya kumwona daktari. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi ukazimia. Baadhi ya vidonge vya kisukari navyo hufanya hivyo. Mjamzito na aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula nao wasijikatie kalori wenyewe.