Kukuza fuwele ya chumvi Mombasa: metali zisizoalikwa

Usianze na maji ya kisima. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yake huja na kalsiamu tele. Nunua maji ya betri, yaani maji yaliyoondolewa madini, kituo cha mafuta, ila soma chupa vizuri: asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo.

Kalsiamu inasumbua kwa sababu ya ukubwa wake. Ioni (atomi yenye chaji ya umeme) ya sodiamu, metali iliyomo ndani ya chumvi, ina nusu kipenyo cha pikomita 102, ya kalsiamu 100; kalsiamu inakaa kiti kile kile bila kusukumana. Potasiamu, yenye 138, nyingi hubaki mlangoni. Lakini kalsiamu ina chaji mbili. Ni kama abiria wa matatu aliyelipa nauli ya watu wawili: kiti kimoja lazima kibaki kitupu ili hesabu ya kondakta ilingane. Kila kalsiamu iingiapo, sodiamu moja hukosekana mahali. Pengo hilo hulioni kwa macho.

Basi safisha chumvi kwanza. Yeyusha gramu 360 za chumvi ya mawe katika lita moja ya maji hayo ya betri, chuja kwa kitambaa cha pamba, uchemshe taratibu mpaka ibaki nusu lita. Tumia sufuria ya stenlesi. Ya alumini chumvi huila vidoadoa. Epua, opoa fuwele zikiwa bado moto, umwage maji yaliyobaki. Yana uchungu kwa magnesi, na ndiyo uchafu wenyewe. Utapata kama gramu 160. Zikikauka, ziyeyushe katika mililita 440 za maji mapya ya betri. Chumvi laini ya pakiti iachie mboga: ikiandikwa E536, ina ferosianidi, kiungo cha kuzuia chumvi kushikamana, nayo hufanya fuwele iote matawi badala ya mchemraba.

Mbegu, yaani fuwele ndogo ya kuanzia, ifunge kwa mshipi wa kuvulia. Waya wa shaba huacha ukijani, msumari huacha kutu.

Halafu kuna hewa yetu. Unyevu ukipita asilimia 75, maji ya chumvi hayapungui tena, na fuwele iliyo nje hulia machozi. Weka chombo ndani ya sanduku lenye balbu ya zamani ya wati 25. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa 80%, ikipashwa hadi 35, hushuka karibu 54%. Usizidishe joto: fuwele ikikimbia hufungia maji tumboni, ndiyo lile wingu jeupe katikati, na nyuso zake hubonyea kama ngazi. Wingu likishaingia halitoki. Kata kipande safi pembeni, ukitumie kama mbegu mpya.