Dhamana Isiyo na Risiti

SWALI: Mhariri, mwanangu ni mwendeshaji wa bodaboda. Ijumaa moja usiku alikamatwa akirudi nyumbani, wala hakuelezwa kosa lake. Nilipofika kituoni asubuhi, afisa wa zamu aliniambia kwamba kijana angetoka kwa dhamana ya shilingi 5,000, la sivyo angesubiri hadi Jumatatu. Nililipa, na nilipoomba risiti nikaambiwa kitabu kimeisha. Kijana alitoka shavu likiwa limevimba, na hadi leo hajaitwa mahakamani. Ningependa kulalamika, lakini majirani wananionya kwamba anayeshindana na polisi anajitafutia balaa. Je, fedha zile zilikuwa dhamana kweli? Na nikilalamika, nani atamlinda mwanangu? — Mama wa watatu, Dandora

JIBU: Mama, zile hazikuwa dhamana. Dhamana ya polisi huwa ama ahadi ya maandishi kwamba mshukiwa atafika kituoni au mahakamani siku iliyotajwa, ambayo hailipiwi hata senti, ama pesa taslimu, ambazo ni lazima zikatiwe risiti ya serikali. Dhamana isiyomfunga mtu kufika mahali popote ni kitu kidogo kilichobadilishwa jina.

Hilo la Jumatatu nalo lina hila yake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haiketi, polisi huruhusiwa kungoja hadi siku ya kikao inayofuata. Ndiyo maana wengi hapa Nairobi huiogopa Ijumaa jioni. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kilimpa mwanao haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Kuhusu shavu, ikiwa alipigwa akiwa mikononi mwao, hakuna kisingizio: kifungu cha 25 kinauweka uhuru dhidi ya mateso na ukatili miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Sitawabeza majirani zako. Josephat Mwenda, mwendeshaji wa bodaboda kama mwanao, alipigwa risasi na afisa wa polisi akalalamika. Mnamo Juni 2016 yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Maafisa watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia mwaka wa 2022, wakahukumiwa mwaka uliofuata. Haki ilipatikana, ila baada ya miaka sita na makaburi matatu, na taifa ambalo raia wake huhesabu hatari kabla ya kupeleka malalamiko lina demokrasia yenye kasoro kubwa, hata likipiga kura kila baada ya miaka mitano.

Kwa hiyo usimwache kijana aende peke yake, na usianzie katika kituo kile kile. Mwone kwanza wakili, kwa kuwa Sheria ya Hongo ya 2016 humgusa mtoaji pamoja na mpokeaji, na ni muhimu maelezo yako yaonyeshe tangu mwanzo kwamba uliombwa fedha hizo kwa jina la dhamana. Kama huna uwezo, Kituo cha Sheria husaidia wasiojiweza. Andikeni tarehe, saa, na jina au nambari ya afisa ikiwa mliiona, kwani sheria inamtaka aliyevaa sare aivae mahali panapoonekana. Wakili aulizie nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, maana kukamatwa kusikoandikwa humo ni ushahidi dhidi ya kituo chenyewe. Karatasi za hospitali, kama zipo, ziambatishwe.

Malalamiko yenyewe yapelekeni kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ili faili isilale katika meza moja. Vitisho vikianza, wakili aombe ulinzi kwa Shirika la Kulinda Mashahidi siku hiyo hiyo, na kijana asiendeshe usiku mpaka jibu lipatikane.