Draya inanguruma ila pipa halizunguki: tia mkono ndani kabla hujanunua mota

Pole sana dada. Kama nimekuelewa, mko Ohio, draya (mashine ya kukaushia nguo) ni ya umeme, ya zamani, mliikuta kwenye nyumba mliyonunua. Jana ilisimama katikati ya kazi na mashuka yamelowa ndani. Ukibonyeza kitufe inanguruma, pipa limetulia. Fundi amekuja, hakufungua hata skrubu moja, akasema mota imekufa, nunua mashine nyingine.

Inawezekana yuko sahihi. Lakini kabla hujatoa hela, fungua mlango, tia mkono ndani, lisukume pipa lizunguke. Nakwambia hivyo kwa sababu mimi sikufanya, na nililipia.

Yangu ilisimama Januari, mwaka wangu wa pili hapa Minnesota. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na sare zangu zote zilikuwa humo. Kwetu Tanga ningezitupa kwenye kamba na kwenda kunywa chai. Hapa nilijaribu kuanika suruali kwenye reli ya baraza, baada ya nusu saa ikawa inasimama yenyewe kama askari wa lindo. Basi nikarudi kwenye mashine, nikabonyeza, nikasikia mngurumo, nikajiambia kama wewe ulivyoambiwa: mota. Nikaagiza mota. Ilipofika ndiyo nikafungua mashine, nikakuta mkanda umelala chini kama nyoka aliyekanyagwa na gari. Mota yangu ilikuwa nzima. Duka likakataa kuipokea ile mpya, eti vifaa vya umeme havirudishwi.

Sasa sikiliza tofauti. Draya hizi zina mkanda mmoja mwembamba, mrefu karibu futi nane, unaozunguka pipa zima na kushuka hadi kwenye kipuli, yaani kigurudumu kidogo kilicho kwenye mota. Mkanda ukiwa mzima, ukilisukuma pipa kwa mkono unahisi uzito, kuna kitu kinakushikilia. Ukikatika, pipa linakwenda kwa wepesi wa ajabu, kama pedali za baiskeli iliyochomoka mnyororo. Na kama pipa halisogei kabisa, kuna kitu kimekwama, usilazimishe.

Halafu huo mngurumo wenyewe, kwa sababu iko miwili na watu huichanganya. Upo wa mota inayozunguka vizuri: sauti laini, ya kuendelea, na ukienda nje kwenye mdomo wa bomba la kutolea hewa unakuta hewa inatoka, maana feni imefungwa kwenye mota hiyo hiyo. Feni inapuliza na pipa halizunguki? Mota haina kosa, tafuta mkanda. Mngurumo wa pili ni mzito, wa kukaba, "mmmm", hakuna hewa nje, na baada ya sekunde chache unasikia "tak", kimya. Hapo mota inataka kuanza na inashindwa, inajizima yenyewe isiungue. Ukisikia huo usiendelee kubonyeza bonyeza. Kinaweza kuwa soksi au sarafu iliyopenya hadi kwenye feni na kuikaba, na hilo halina gharama. Inaweza pia kuwa swichi ya kuanzishia iliyo kwenye mota, au mota yenyewe, na hapo fundi wako atakuwa amebahatisha sawasawa.

Mimi nadhani yako ni mkanda. Mashine ya umri huo, imesimama ghafla inafanya kazi, haikulia wala kutoa harufu ya kuungua.

Kufungua si kazi ya kutisha ila umeme wake ni wa kutisha. Chomoa plagi ukutani, kuzima swichi hakutoshi. Soketi ya draya hapa Marekani ni volti 240, si kama ya redio. Ya gesi ina mambo yake, unafunga koki na huivuti mashine ovyo ukakata bomba, lakini yako umesema ni ya umeme. Vaa glavu, mabati ya ndani yana makali. Mimi nina kovu la kidole gumba.

Kama chujio la usufi (zile nyuzi laini zinazotoka kwenye nguo) liko juu kwenye mfuniko, kama langu, kuna skrubu mbili pale linapoingia. Zitoe, kisha penyeza kisu bapa cha kupakia puti chini ya mfuniko karibu na kona za mbele, bonyeza, mfuniko unaachia na kufunguka kama boneti ya gari. Ndani, kona za juu za ubao wa mbele, kuna skrubu mbili nyingine na waya za swichi ya mlango. Piga picha kila waya kabla hujaugusa. Angalizo: kwenye aina hii ubao wa mbele ndio umebeba pipa, ukiutoa pipa linashuka. Mwambie shemeji alishike au weka kitabu kinene chini yake. Kama chujio lako liko kwenye kizingiti cha mlango, utaratibu ni mwingine, usifuate wangu.

Sasa kosa langu la pili, lililoniuma kuliko la mota. Nilinunua mkanda mpya, nikaufunga, mashine ikazunguka, nikajisifu kwa kila mtu kazini. Wiki tatu baadaye ukakatika tena. Nikaulaani mkanda kuwa ni feki. Jirani yangu mmoja Mkongomani, aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la mashine kuukuu, alikuja akachuchumaa, wala hakuuangalia mkanda. Akaweka kidole kwenye puli ndogo ya kukaza iliyo pembeni ya mota, akaizungusha. Haikuzunguka. Ilikuwa imejaa nywele na usufi, tundu lake limelika hadi limekuwa yai. Mkanda ulikuwa ukisuguliwa kwenye kitu kilichosimama, na ungekatika hata kama ningeufunga wa dhahabu. Akashika na magurudumu mawili ya nyuma yanayobeba pipa, moja likawa linayumba. Nikakumbuka kwamba mashine ilikuwa ikilia kama mlango wenye kutu kwa miezi, nami nilizoea kuongeza sauti ya televisheni.

Kwa hiyo ukiifungua mashine, usinunue mkanda peke yake. Zungusha puli kwa kidole, zungusha kila gurudumu. Vinauzwa pamoja, mkanda, puli na magurudumu, na bei yake haifiki hata robo ya mashine mpya. Puli iliyolika usiipake mafuta ya kupikia wala ya cherehani ukadhani umemaliza. Mafuta yanakusanya usufi na mwezi ujao uko pale pale.

Kuufunga mkanda ndiko kunakowatoa watu jasho. Upande wenye mifereji unatazama pipa. Utaona alama nyeusi kwenye pipa pale mkanda wa zamani ulipokuwa ukipita, fuata hiyo. Kule chini huwezi kuona, unapapasa: mkanda uliobaki unaukunja kitanzi, kitanzi kinapita chini ya puli ya kukaza, kisha unaisukuma puli pembeni na kukivisha kitanzi kwenye kipuli cha mota. Ukiachia, puli inauvuta mkanda wenyewe. Ukiona umelegea, umepita njia mbaya, rudia. Nilirudia mara nne, mgongo ukakataa kunyooka. Kabla ya kufunika zungusha pipa kwa mkono mara kadhaa uone mkanda unakaa mahali pake.

Kuna mtu mwingine amesema draya yake iko kimya kabisa, haingurumi. Hiyo ni njia nyingine. Anza na breka, swichi inayojikata yenyewe, kwenye boksi la umeme, ya draya ni pacha, mara nyingi ya ampea 30. Izime kabisa ndipo uiwashe, kwa sababu mara nyingine imejikata na bado inaonekana imekaa sawa. Kisha bonyeza swichi ya mlango kwa kidole, isikike "tiki". Mashine nyingine zina swichi ndogo inayozima kila kitu mkanda ukikatika, kwa hiyo hata kimya kinaweza kuwa mkanda. Vyote vikiwa sawa, kuna fyuzi ya joto, kidude kidogo cheupe kwenye kasha la feni nyuma. Kwenye aina nyingi ikiungua mota haianzi. Ya kwangu imeandikwa nyuzi 91 za Selsiasi, ikikata haijirudishi, unaweka mpya. Ipime kwa multimita, kile kipimo cha umeme, ikiwa imechomolewa.

Na fyuzi hiyo haiungui bure. Bomba la nyuma limebanwa na ukuta au limejaa usufi, joto halina pa kutokea. Nimeona kwa macho yangu mtu aliyeunganisha waya mbili moja kwa moja akairuka fyuzi, na draya ikazunguka, na akafurahi. Usifanye. Idara ya zimamoto ya Marekani ilihesabu moto wa draya majumbani kama 2,900 kwa mwaka kati ya 2008 na 2010, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha. Bomba la karatasi ya fedha linalojikunja kama utumbo litoe, weka la bati gumu la inchi nne.

Wale mnaopanga: mashine si yenu. Pigeni simu kwa mwenye nyumba, msije mkadaiwa amana kwa ajili ya mkanda.

Dada, basi naomba vitu vitatu. Pipa ni jepesi au zito? Nje kuna hewa? Na namba ya modeli, imebandikwa kwenye fremu ya mlango, utaiona ukifungua. Ikiwa ni mkanda nitakuelekeza ule unaoingia. Ikiwa fundi alisema kweli na modeli inafanana na yangu, ile mota yangu bado iko stoo ndani ya boksi lake, nalipa mimi posta.